Adabu ya Kuitika

Uvumi ulinikuta kwenye mashine ya kusaga, nimepanga foleni na debe langu la uwele. Mama Chikoti, yule anayekaa karibu na josho, alikuwa ametoka Gereza la Chamhene kumwona kaka yake mgonjwa. Alikuwa anasimulia huku amejitanda khanga kama mtu aliyetoka msibani.

"Kuna mwanamke mle ndani," alisema. "Haonekani. Anawaita wagonjwa kwa upole, kama mama anayemwita mtoto aje ale. Ukiitika tu, basi. Kesho shuka lako linakunjwa."

Wanawake wakacheka. Mmoja akasema, "Aje basi amwite mume wangu, maana mimi nikimwita haitiki hata kidogo."

"Huyo wako hata malaika akimwita atasema subiri mpira uishe," mwingine akadakia.

Mimi sikucheka. Niliuliza, "Anawaitaje?"

Mama Chikoti akalegeza sauti, akainamisha shingo upande. "'Umefika, baba. Umechoka. Haya, tua mzigo.'"

Debe likanitoka mkononi. Uwele ukamwagika hadi kwenye miguu ya watu, kuku wa mwenye mashine wakaja mbio.

Hayo maneno ni yangu. Mwanangu Ndahani nilimpa jina la baba yangu mzazi, kwa hiyo tangu ananyonya nilimwita baba. Akirudi kutoka kisimani na madumu kwenye baiskeli, nilikuwa nasimama mlangoni nasema hivyo hivyo: umefika, baba, umechoka, haya, tua mzigo. Alipofungwa miaka kumi na miwili kwa kufungua koki ya bomba la mkoa ili mbuzi wa kijiji wanywe, mwaka ule ambao mvua haikuonekana kabisa, nikawa namalizia simu zote kwa maneno hayo. Kwenye simu ya gereza, kabla hujaunganishwa, kuna sauti inasema, "Maongezi haya yanahifadhiwa kwa ajili ya huduma." Nani anasikiliza hayo? Unasubiri yaishe uongee na mtoto wako.

"Kila mama anasema hivyo," wenzangu waliniambia huku wananisaidia kuzoa uwele na mchanga wake.

Nami nikajiambia hivyo. Kila mama anasema hivyo. Lakini nikisonga ugali nausikia ule uvumi kwenye mwiko, nikifagia nausikia kwenye ufagio. Halafu simu ikaja kutoka Chamhene. Ndahani ana saratani ya ini, amehamishiwa Wodi ya Mapumziko, na mama mzazi anaruhusiwa kuja kukaa naye mchana kutwa.

*

Basi lilinishusha getini, likageuka lenyewe na kuondoka, maana mabasi ya siku hizi hayana dereva wa kumwambia asante. Aliyenipokea ni Sajini Feliksia, muuguzi wa gereza, mwanamke mnene mwenye viatu vyeupe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Akasimama ghafla. Akanitazama mdomoni, si machoni. "Wewe ndiye Mama Ndahani," alisema. Hakuuliza.

"Ndiye mimi."

"Mama, nakuomba. Ukiingia humo usiongee kwanza."

Nilidhani ni habari ya kelele, kama hospitali zote. Lakini mimi nimelelewa. Siwezi kuingia mahali penye watu wamelala nikapita kama mbuzi. Mlango ulipofunguka nikasema, si kwa sauti kubwa, "Hodi humu. Hamjambo, wanangu?"

Kulikuwa na vitanda vinane. Jua la mchana lilikuwa linaingia vizuri, sakafu inang'aa, wala hapakuwa na harufu mbaya. Wanaume wanane walinisikia. Wote wanane, waliokonda na waliovimba, wakainua mikono taratibu na kuziba midomo yao.

Hakuna aliyeitikia salamu yangu. Katika maisha yangu sijawahi kusalimia watu wanane nikarudishiwa kimya. Nilihisi kama mimi ndiye niliyekufa na wao ndio wamekuja kunitazama.

Ndahani alikuwa kitanda cha dirishani. Nilimtambua kwa masikio, maana uso ulikuwa umekwisha. Naye alikuwa ameziba mdomo, kwa mikono yote miwili.

"Baba," nilimwambia. "Ni mimi."

Akatikisa kichwa. Machozi yalimtoka, mikono ikabaki mdomoni.

Mwanaume mmoja mwenye fulana ya kijani alikuja na kigoda akaniwekea. Anaitwa Chiduo, mfungwa wa maisha. Pale Chamhene wafungwa wenye nguvu ndio wanaowalea wanaokufa. Wanawageuza, wanawaogesha, wanawalisha uji kwa kijiko. Aliinama sikioni kwangu.

"Usimlaumu, mama. Anadhani wewe ni shuka."

"Mimi ni nini?"

"Shuka. Subiri utasikia."

*

Sikungoja sana. Kitanda cha pili kutoka kwetu alilala mzee mmoja anaitwa Lesilwa. Alikuwa anaguna tangu nilipoingia, mguno wa ng'ombe aliyevunjika mguu. Kila mgonjwa pale alikuwa amefunikwa shuka la kijivu, na nilipoligusa la mwanangu lilikuwa na joto kama la ubavu wa mnyama. Basi shuka la Mzee Lesilwa likatetemeka kidogo. Nikasikia sauti yangu.

Mdomo wangu ulikuwa umefungwa. Niliushika kwa vidole ili nihakikishe.

"Umefika, baba," sauti yangu ilisema kutoka kifuani pa mzee yule. "Umechoka. Haya, tua mzigo."

Wote wakanitazama mdomo. Mzee Lesilwa naye alinigeukia. Alikuwa mkubwa kuliko mimi, angeweza kuwa kaka yangu wa kwanza. Mkono wake ulikuwa umeanza kupanda kuziba mdomo, akauacha njiani ukaanguka. Akatabasamu kwa ufizi.

"Naam, mama," alisema.

Shuka likawa la bluu. Mguno ukakatika kama redio iliyozimwa. Alipumua kwa muda, polepole, na uso wake ukalainika mpaka nikaona alivyokuwa akiwa kijana. Halafu hakupumua tena. Chiduo alikwenda akamfumba macho na kulikunja lile shuka, akilipiga pasi kwa kiganja.

Niliinuka nikamfuata Sajini Feliksia mpaka kwenye chumba chake cha dawa.

"Nani kawapa sauti yangu?"

"Kaa, mama."

"Sikai. Nani kawapa?"

"Mashine inayoongoza mashuka ilichagua yenyewe. Ilipewa simu zote za gereza isikilize. Ilijaribu sauti za akina mama wengi, wagonjwa hawakutulia. Ya kwako wakatulia. Hata wasiokujua. Hata Wamasai." Alifuta meza ambayo ilikuwa safi tayari. "Mimi siku hizi sichomi sindano, mama. Dawa zote zimo ndani ya shuka. Shuka linasikiliza pumzi na moyo, linatoa dawa ndogo ya maumivu kidogo kidogo. Likiona mtu hawezi kupona tena na dawa ndogo imeshindwa, liko tayari kutoa dawa kubwa. Hiyo ukilala nayo huamki. Lakini sheria inasema lazima mgonjwa akubali kwanza."

"Wanakubali saa ngapi?"

"Wengi wanafika hapa hawawezi kushika kalamu, wengine hata kusema sentensi hawawezi. Sasa wataalamu walikaa wakatafuta ni neno gani mtu aliye mahututi bado anaweza kulitamka. Wakakuta neno la mwisho kumtoka mtu ni kuitika. Ukimwita vizuri, ataitika hata akiwa nusu huku na nusu kule. Basi wakaandika hivyo. Kuitika ni ridhaa."

"Mtu aliyelelewa akiitwa na mama ataacha kuitika?"

"Haachi. Ndiyo maana inafanya kazi."

"Hiyo si ridhaa, Sajini," nilimwambia. "Hayo ni malezi."

Hakubisha. Alisema, "Wenyewe wamekwishang'amua. Unaona wanavyoziba midomo. Mwanao ndiye aliyewafundisha, maana alipoisikia sauti alijua ni ya nani, na alijua wewe hukuwepo. Sasa hawamwitikii mtu yeyote. Hata daktari akiwasalimia hawaitiki. Lakini maumivu hayazibwi kwa mkono, mama. Wanakesha hivyo hivyo."

Akanionyesha ukutani, kitundu cha kioo kama jicho la mbuzi. "Sauti ni mali yako. Simama pale, sema unaiondoa, inaondoka leo hii. Itabaki kengele. Kengele hakuna anayeiitikia, kwa hiyo dawa kubwa haitafunguka kwa mtu yeyote. Mimi ufunguo wake sina. Nakwambia ili ujue pande zote mbili."

*

Nilirudi kwenye kigoda. Niliwaza mambo mengi lakini la kwanza lilikuwa moja: mwanangu anakufa na haniamini kuwa ni mimi.

Nilimwita majina yote. Nilimwambia habari za dada zake watatu. Nilimwambia umefika baba, na hapo ndipo alipojikunyata kabisa akageukia ukutani, maana ilikuwa ni sauti ileile na maneno yaleyale. Maumivu yalipomjia alikuwa anauma kiganja badala ya kupiga kelele. Viganja vyake vilikuwa na alama za meno.

Chiduo alileta beseni la maji ya vuguvugu. "Muogeshe miguu," alisema. "Shuka haliogeshi mtu."

Nikafunua upande wa miguuni. Sikusema kitu. Nikachukua mguu wa kulia, nikauweka kwenye maji, nikaanza kusugua kisigino. Nilipofika kwenye vidole nikaona kucha.

Hapo nilisahau nilipo. Nilisahau gereza, shuka na mauti. Nikafoka.

"Ndahani wewe! Hizi ni kucha au majembe? Unataka kulima wapi, mwehu wewe? Nimekuzaa na vidole kumi visafi, unanirudishia makucha ya fisi! Na huko kwenye kisigino umehifadhi nini, mbegu za alizeti?"

Kitanda kikatikisika. Nilidhani ni maumivu. Kumbe ni kicheko, kinamtoka puani, mabega yanaruka. Akageuka. Akatoa mkono mmoja mdomoni, halafu wa pili.

"Mama," alisema. "Ni wewe kweli."

"Ulidhani ni nani, mjinga?"

"Yule wa kwenye shuka hagombi."

Nikaelewa. Kwenye simu ya gereza sikuwahi kumgombeza hata mara moja. Nani atamfokea mtoto aliyefungwa, na dakika zenyewe zinaisha? Kwenye simu nilikuwa asali tupu. Lakini nyumbani, waulize majirani, mimi mdomo wangu ulikuwa unasikika mpaka josho.

Tuliongea mchana ule. Mimi namkata kucha, yeye anauliza habari za mbuzi, anauliza kama bado watu wanamcheka kuwa anaitika kike. Alilelewa katikati ya dada zake, kwa hiyo akiitwa alikuwa anasema "abee" kama wao, badala ya "naam" kama wavulana wenzake. Shuleni walimwita Dada Ndahani. Nilimpiga ili aache, hakuacha.

"Bado nasema abee," aliniambia. "Lakini hapa sijaitika muda mrefu sana, mama. Mdomo umeshikana."

Maumivu yakaja tena, makubwa. Alinishika kiwiko mpaka nikaona nyota. Yalipopungua kidogo alisema, "Shuka limeniita mara nyingi. Nikakataa. Sikutaka kuagwa na kitu kisicho na mikono."

"Usiongee sana."

"Nimechoka, mama. Kweli nimechoka. Niite wewe."

"Nikuiteje?"

"Niite kama nilivyokuwa nachelewa na mbuzi. Niitike kwako. Wao wafungue dawa yao wakitaka, lakini mimi nitakuwa nimekuitikia wewe."

Sasa niambie wewe unayesoma, wewe uliye na mtoto. Nikinyamaza, mwanangu anaendelea kuuma viganja, kesho na keshokutwa, na Sajini hana ufunguo. Nikiita, ataitika, maana ndivyo nilivyomlea, na nitakuwa nimemwita atoke duniani kwa mdomo huu huu niliomwitia aje anyonye. Nilitoka nje nikakaa kwenye kivuli cha tangi. Niliomba. Nilitamani mtu anipe amri, hata askari. Hakuna aliyekuja.

Chiduo tu ndiye alipita na ndoo. Akaiweka chini.

"Kabla ya shuka walikuwa wanafia hapa wamefungwa pingu kitandani," alisema. "Nilikuwa nashika vichwa vyao. Yule Mzee Lesilwa alikuwa hana mama tangu utoto. Umeona alivyotabasamu?"

"Hakuwa mtoto wangu."

"Ndiyo. Lakini alitabasamu." Akachukua ndoo yake. "Mimi pia sina mama, nilizaliwa yeye akafa."

Niliingia ndani. Nilikaa kitandani, nikakiweka kichwa cha Ndahani mapajani, nikasogeza lile shuka lisimguse shingo. Nikamwita kwa sauti ya nyumbani, ile ya mtu mwenye ugali unaopoa.

"We Ndahani! Mbuzi zimefika zenyewe, wewe uko wapi? Unataka nikufuate na fimbo?"

"Abee," alisema.

Nilihisi shuka likipoa chini ya mkono wangu, nikajua limebadilika rangi. Sikulitazama. Nilimtazama yeye. Alikuwa anacheka kidogo bado, kwa puani. Jua lilipofika kwenye dirisha la mwisho alikuwa ameshatua.

*

Walipomaliza kumwandaa nilikwenda kwenye chumba cha dawa. Nilisimama mbele ya kile kitundu cha kioo. Nyuma yangu mlango ulikuwa wazi, na wale sita waliobaki walikuwa wanatazama. Hawakuziba midomo. Chiduo alisimama kati yao na shuka lililokunjwa kifuani.

Nilitaka kusema, naiondoa. Nikamwona Chiduo. Nikataka kusema, basi ibaki. Nikaona viganja vya mwanangu. Nilisimama pale ulimi mzito kama jiwe la kusagia.

Kioo kikawaka.

"Mama Ndahani?" kikaita. Kiliita kwa sauti yangu mwenyewe, kwa adabu kabisa.

Nami nimelelewa.

"Abee," nikaitika.

"Asante," sauti yangu ikasema. "Ridhaa yako imepokelewa."

Sajini Feliksia alijishika kichwa. Nilipiga kelele kwamba sijasema kitu, kwamba nimeitika tu, kila mtu akiitwa anaitika. Nilisema naiondoa, naiondoa, nikapiga kioo kwa kofi. Kilikuwa kimezima. Sajini aliniambia ridhaa ya kutumia sauti ikishapokelewa haifutwi mpaka mwenye sauti afe, na sijui kama hata hapo.

Mpaka leo sijui ningesema nini kama kingeningoja.

Juzi nilikuwa tena kwenye foleni ya mashine. Mama Chikoti alikuwa ametoka Chamhene kumzika kaka yake. Alisema yule mwanamke siku hizi amebadilika. Habembelezi tu. Anafoka. Anauliza habari za kucha, anauliza mbuzi ziko wapi. Wanaume wazima wanacheka mpaka machozi yanawatoka, wanashusha mikono midomoni, wanaitika.

Safari hii hakuna aliyecheka foleni nzima. Walikuwa wananitazama mdomo.

Kwa hiyo naandika. Mama mwenye mtoto ndani, haya uyaepuke:

Usikatize yale maneno ya mwanzo ya simu. Yasikilize mpaka mwisho, na usipoyaelewa usiongee.

Usimwite mtoto kwa jina la nyumbani kwenye simu ya gereza. Mwite kwa jina la shule.

Usimpe maneno yako yote kwenye waya. Bakiza moja, umwambie sikioni siku ya kumtembelea, umefunika mdomo kwa kiganja.

Usifoke ndani ya wodi. Ukuta unajifunza.

Ukiingia pale usisalimie kwa sauti. Gusa mguu wa mgonjwa, atajua.

Usikubali mtu akwambie kuitika ni kukubali.

Usisimame mbele ya kile kioo kabla hujajua utakalosema.

Usiwafundishe wajukuu kutoitika. Nilijaribu, nyumba ikawa kama wodi. Wafundishe watazame mdomo kwanza.

Na ukisikia mimi nakuita, iwe Chamhene, iwe popote, tafuta kwanza mikono yangu. Kama huioni, usiitike.